USUHUBA WA MANENO: Kwa nini chai ya Mwingereza ni 'strong' wala si 'powerful'

Mwalimu yeyote wa Kiingereza aliyewahi kusahihisha karatasi ya kwanza ya KCSE anaijua sehemu inayowatoa watahiniwa jasho. Si barua wala kumbukumbu za mkutano. Ni kile kifungu chenye mapengo kumi. Mtahiniwa huwekewa aya iliyonyofolewa maneno kumi, naye atie neno moja katika kila pengo. Sarufi anaijua, msamiati anao, hata tahajia yake haina neno. Lakini penye "make" anatia "do", penye "heavy" anatia "big", na alama zinayoyoma hivi hivi. Akimwendea mwalimu kuuliza kosa lake ni lipi, jibu huwa: "Waingereza hawasemi hivyo." Jibu hilo ni kweli tupu, ila halimfai mtu. Kwani Waingereza wanasemaje, na ni nani atakayemwambia?

Kipo kitabu kinachojaribu kumwambia. Ni Oxford Collocations Dictionary, kamusi ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002 na la pili 2009. Katika maktaba za shule nilizozuru nimeiona mara chache mno, na nilipoiona ilikuwa safi kuliko jirani zake rafuni, dalili kwamba hakuna anayeifungua. Naihakiki leo ijapokuwa si mpya. Naamini ina jambo la kuwafunza walimu wa Kiingereza na, zaidi ya hao, sisi tunaokula kwa kalamu ya Kiswahili.

Tuanze na dhana yenyewe. Maneno yana marafiki. Baadhi hupenda kukaa pamoja, mengine hayatazamani usoni, na sababu haijulikani ila kwa wenyewe. Uhusiano huu nitauita usuhuba wa maneno. (Ningependa kuuita uandamano, lakini hapa Nairobi neno hilo linanuka vitoza machozi.) Usuhuba si sarufi, maana sarufi haikatazi kusema "powerful tea". Wala si maana peke yake, kwa sababu "strong" na "powerful" yote mawili yanahusu nguvu. Mwanaisimu M. A. K. Halliday aliutumia mfano huu mwaka 1966: chai huwa "strong", gari huwa "powerful", ilhali hoja huyakubali yote mawili. Ukitafuta kanuni utachoka bure. Ni mazoea, kama wanakijiji wanavyojua nani hukaa na nani barazani bila mtu kuandika orodha.

Tusiuchanganye usuhuba na nahau. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri akisikia "kick the bucket" atatafuta ndoo. Akisikia "heavy rain" ataelewa papo hapo kwamba ni mvua kubwa. Na hapo ndipo palipo na mtego! Nahau humtatiza msomaji. Usuhuba haumtatizi msomaji hata kidogo, humsubiri mpaka ashike kalamu. Mwanafunzi aliyesoma "heavy rain" mara mia bila kukwama atafika kwenye insha yake mwenyewe na kuandika "big rain", kwa kuwa macho yake yalipita juu ya "heavy" kama yanavyopita juu ya nukta. Ndiyo maana ushauri wa "soma sana" hautoshi. Kusoma sana kunasaidia, lakini ni lazima mtu afundishwe kutazama.

Wengi hudhani elimu hii ilizaliwa Uingereza, miongoni mwa wenye lugha. Mmoja wa walioishughulikia mapema na kwa mapana, Harold Palmer, aliifanyia kazi Tokyo. Palmer alikwenda Japani mwaka 1922 kushauri kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1933 akatoa huko ripoti nzima kuhusu miungano ya maneno ya Kiingereza. Mwenzake, A. S. Hornby, aliendeleza kazi hiyo katika kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa na Oxford mwaka 1948. Hiyo ndiyo mama wa ile Advanced Learner's ambayo wengi wetu tulibebeshwa tukiingia shule ya upili. Kwa hivyo ni taabu ya mwanafunzi wa Kijapani iliyomfanya Mwingereza aisikie lugha yake mwenyewe. Aliyezaliwa ndani ya lugha hauoni usuhuba wake, kama vile mtu asivyosikia lafudhi yake.

London nako kulikuwa na J. R. Firth, profesa wa kwanza wa isimu ya jumla nchini Uingereza. Mwaka 1951 alitoa hoja iliyowashangaza wengi: kwamba sehemu ya maana ya "night" ni uzoefu wake wa kuandamana na "dark", na kinyume chake. Yaani maana haimo ndani ya neno kama punje ndani ya ganda. Nyingine iko nje, kwa majirani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya hilo. Totoro ni nini, likiachwa peke yake? Hutalieleza bila kulitaja giza. Na fofofo je? Bila kulala au kufa, fofofo ni sauti tu. Kiingereza nacho kina "fast asleep", ambapo "fast" haina mbio zozote. Ni masalia ya maana ya zamani ya kushikamana imara, ile iliyomo pia katika "fasten". Mtoto wa darasa la saba akiuliza mtu hulalaje "fast", ameuliza swali la maana.

Sasa kamusi. Toleo la kwanza lina takriban vidahizo 9,000 na miungano zaidi ya 150,000. Waandaaji hawakuketi kukumbuka vichwani mwao. Walipekua kopasi ya taifa ya Waingereza, hazina ya matini halisi yenye maneno milioni 100. Ukifungua kidahizo cha "decision" unapewa vivumishi vinavyokubalika nayo, vitenzi vinavyoitangulia na viunganishi vyake. Utaona kwamba uamuzi kwa Kiingereza "hutengenezwa", "hufikiwa", "hupinduliwa", na kwamba Waingereza wakati mwingine "huuchukua".

Lililo zuri zaidi katika kitabu hiki ni jambo ambalo mnunuzi wa kwanza hulalamikia. Ukitafuta kidahizo cha "make" hukipati. "Do" nayo haipo. Eti kamusi ya miungano isiyo na vitenzi vinavyoungana kuliko vyote! Waandaaji wana sababu yao, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Vitenzi hivyo havina uzito wa kutosha wa kuchagua marafiki. Nomino ndizo zinazovichagua. Mtu hafikirii "nataka kufanya 'make', je, niifanyie nini?" Hufikiria kosa, au simu, au uamuzi, kisha hutafuta kitenzi cha kuibebea nomino yake. Kamusi inafuata njia ileile ya fikra. Walimu wetu hufuata njia ya kinyume: safu mbili ubaoni, "make" upande huu, "do" upande ule, na watoto wakariri. Nimeona safu hizo katika madaftari mengi, na nimeona watoto haohao wakiandika "do a mistake" wiki inayofuata.

Atakayebisha na amwulize mgeni anayejifunza Kiswahili kuhusu kitenzi kupiga. Anaanza na kupiga ngoma na kupiga mtoto, anadhani ameelewa. Kisha anasikia kupiga simu, kupiga pasi, kupiga deki, kupiga mswaki, kupiga kura, kupiga picha, kupiga magoti, kupiga chafya, kupiga kambi, kupiga marufuku. Ukimpa orodha ya "mambo yapigwayo", utamtesa. Ukimpa neno kura na kumwambia "hili hupigwa", ameondoka na kitu mkononi. Na kura yenyewe ina mambo: raia huipiga, mgombea huiomba, karani huihesabu, na mwizi huiiba. Hapo una sentensi nne za uchaguzi bila kufungua kitabu cha sarufi.

Basi sifa hizo zatosha. Kasoro ya kwanza ya kamusi hii ni kwamba inakupa majina ya marafiki lakini haikuambii tabia zao. John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyeongoza mradi wa kamusi ya COBUILD iliyotoka mwaka 1987, aligundua jambo ambalo masikio ya kawaida yalikuwa yamelipita: katika Kiingereza, vitu ambavyo "set in" karibu vyote ni vibaya. Kuoza, kukata tamaa, kudidimia. Bill Louw, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliendeleza hoja hiyo katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu kejeli. Alionyesha kwamba "utterly" na "bent on" hutembea na mabaya, hivi kwamba mtu akiyatumia kwa jema, ama anakejeli au kinywa chake kimefichua asilotaka kulisema. Hata "cause", kitenzi kinachoonekana hakina upande, marafiki zake ni madhara, vifo, matatizo na wasiwasi.

Mwanafunzi asiyejua haya ataandika kwamba mgeni rasmi "caused happiness" shuleni, na hakuna kanuni ya sarufi atakayokuwa ameivunja. Kiswahili kina mambo hayahaya. Ufisadi hukithiri, na uhalifu hukithiri. Nikisoma kwamba ukarimu umekithiri katika kaunti fulani, nashuku mwandishi ana kisa na wenyeji. Kusababisha nako kunaegemea ajali na hasara, furaha huletwa.

Tabia za maneno si suala la mapambo. Chukua kitenzi "commit". Katika Kiingereza hubeba wizi, mauaji, dhambi na makosa ya kila aina, na kwa muda mrefu kilimbeba pia mtu aliyejitoa uhai. Uingereza iliacha kulihesabu tendo hilo kuwa jinai mwaka 1961, lakini kitenzi kiliendelea kumweka marehemu kizimbani. Hapa kwetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Madaktari na wanahabari wengi siku hizi wanakikwepa kitenzi hicho, nami naona wamefanya la haki. Kiswahili kilisema tangu hapo mtu amejiua au amejitoa uhai, bila kumtia pingu. Lakini mara ngapi nimesoma taarifa zetu, zilizotafsiriwa mbiombio, zikisema mtu "alitenda kosa la kujiua"? Hapo mtafsiri hakutafsiri neno, aliingiza rafiki wa Kiingereza ambaye hakuwa na mwaliko.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayotuhusu. Ni Kiingereza cha nani kinachopimwa? Kopasi ya Waingereza ni ya Waingereza. Mkenya anakuuliza kwenye simu, "Have you reached?" Hakuna mahali anapopataja, kwa sababu umefika hakuhitaji pahali. Mkikutana baada ya miezi atakwambia, "You are lost!" nawe utacheka wala hutauliza ramani, kwa kuwa umepotea ni salamu ya upendo. Mgeni akiondoka tunam-"escort", ilhali kwa Mwingereza anayesindikizwa namna hiyo ni rais au mfungwa. Tunafanya mambo "slowly by slowly". Tunakwenda "short call", na Mwingereza akisikia atadhani ni simu fupi. Pesa za umma "zinaliwa", na muungano huu umesafiri mbali kiasi kwamba mwandishi Mwingereza Michela Wrong, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu ufisadi nchini Kenya, aliweka kitenzi hicho cha kula katika anwani yenyewe, It's Our Turn to Eat, na msomaji wa London akaelewa.

Haya si makosa ya mtu mmoja mmoja. Ni usuhuba, uliojengwa na mamilioni ya wasemaji kwa njia ileile Waingereza waliyojenga wao. Wataalamu wamelitambua hilo. Ipo kopasi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki iliyokusanywa nchini Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990, kazi iliyoongozwa na Josef Schmied wa Chemnitz, Ujerumani. Lakini mtahini akikuta "pick my call" katika karatasi anaweka mkwaju mwekundu, kisha anatoka nje na kumwambia mwenzake, "I called, you didn't pick."

Msimamo wangu ni upi? Si kwamba kila kitu kikubaliwe. Mtoto wa Kenya anayeomba nafasi ya masomo Toronto au kazi Dubai atasomwa na watu wasiojua "umepotea" ni salamu, na ni dhuluma kumnyima miungano yao. Ninachodai ni kwamba aambiwe ukweli. Mwalimu aseme: "Huu ni usuhuba wa kwetu, ule ni wa kwao, mtihani unapima ule." Akisema tu kwamba mtoto amekosea, mtoto huyo atakwenda nyumbani akaamini mama yake, anayesema hivyo kila siku, hajui kusema. Gabriel Okara wa Nigeria aliandika riwaya nzima, The Voice, mwaka 1964, akikisukuma Kiingereza kifuate miungano ya Kiijaw, na wahakiki hawakumwekea mkwaju. Tofauti ni kwamba Okara alijua anavunja nini.

Na sasa nyumbani kwetu, maana mkono wa lawama si wa kunyooshewa Oxford peke yake. Kiswahili cha vyombo vya habari kinaandikwa leo na watu wanaopokea taarifa kwa Kiingereza saa kumi alasiri na kutakiwa waitoe kwa Kiswahili saa kumi na moja. Sarufi yao haina dosari. Ni usuhuba unaovuja. Wanafunzi "wanachukua mtihani", badala ya kuufanya. Kumenyesha "mvua nzito". Na kila mwanasiasa, "mwisho wa siku", ana jambo la kusema, hata kama ni saa nne asubuhi.

Mimi si wale wanaotaka kila tafsiri sisisi ichomwe moto. Kuvunja rekodi kulitoka Kiingereza na kumepokewa vizuri, kwa kuwa kuvunja tayari kulikuwa na jamaa wa namna hiyo: huvunjwa sheria, ahadi, ndoa, ukimya. Rekodi ikakuta kiti. Linganisha na "kucheza jukumu muhimu", ambako nakusikia redioni karibu kila wiki. Kucheza kuna marafiki wake: ngoma, mpira, karata, kamari. Na mtu anayechezea kazi kwa Kiswahili ni yule asiyeijali. Kwa hivyo waziri anayesifiwa kwamba "amecheza jukumu muhimu" amekashifiwa bila kujua. Jukumu hutekelezwa, hubebwa, hukabidhiwa mtu, hukwepwa. Vitenzi vyote hivyo vipo, vimekaa tu vikingoja kuitwa.

"Mvua nzito" nayo naikataa, japo kwa sauti ya chini, maana naona inapata wafuasi. Uzito katika Kiswahili umekwisha kugawanya kazi zake: mzigo, uji, usingizi, na mkono wa bahili. Mvua yetu ni kubwa, ni ya rasharasha, ni ya manyunyu, ya masika au ya vuli. Mkulima wa Bungoma hakuwahi kukosa neno la kuieleza.

Kamusi zetu zina miungano mingi, tena ya kupendeza, lakini imetawanyika ndani ya fasili na mifano, na anayeanzia kwenye nomino huipata kwa bahati. Hatuna kitabu ambacho mhariri wa zamu, saa kumi na nusu jioni, atakifungua kwenye jukumu na kuona kitenzi kinachofaa. Sizungumzii kazi ya miaka ishirini. Magazeti ya Kiswahili ya miongo kadhaa yapo. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zipo, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wamejaa pomoni. Badala ya tasnifu nyingine kuhusu dhamira katika riwaya ileile, mmoja angechukua nomino hamsini za habari: bajeti, kesi, mgomo, njaa, uchaguzi.

Ningemwanzishia na uamuzi. Hufikiwa, na kikao au na mtu aliyetafakari. Hutolewa, na hakimu. Hupitishwa, na bunge au mkutano. Hutenguliwa na kubatilishwa, na mahakama ya juu. Hupingwa, kwa kukata rufaa. Mtu binafsi aliyeamua amekata shauri, na hapo neno uamuzi halihitajiki kabisa. Huwa wa busara, wa pupa, wa mwisho. "Kufanya uamuzi" ningekuweka pia, kwa kuwa kumezoeleka, ila chini kabisa ya orodha, baada ya vile vyote.